Ripoti ya mikopo husoma siku: majibu kwa wasomaji wa Mwanza na kando ya Ziwa

Barua za mwezi huu kutoka Kirumba, Igoma, Magu, Nansio na Sengerema zimegusa jambo moja: ripoti ya mikopo, ile ambayo mitaani tunaiita CRB (kifupi cha Credit Reference Bureau, yaani kampuni ya kuchakata taarifa za wakopaji). Tumezichagua zile ambazo majibu yake yatawafaa na wengine. Majina ya waandishi tumeyaacha kwa makusudi.

Habari za kazi, wahariri. Nauza dagaa Mwaloni Kirumba. Niliomba mkopo wa milioni tatu, afisa mikopo akaangalia kompyuta akaniambia, "Mama, taarifa zako si nzuri." Hakunipa karatasi yoyote. Hizo taarifa zinatoka wapi, na mimi nazionaje? *Mama wa dagaa, Kirumba*

Nzuri mama, na pole. Alichofungua yule afisa ni ripoti yako ya mikopo. Benki na taasisi za fedha zinazosimamiwa na Benki Kuu ya Tanzania zinatakiwa kupeleka taarifa za wakopaji wao kwenye kanzidata ya Benki Kuu. Kutoka huko, kampuni zenye leseni ya kuchakata taarifa za wakopaji hutengeneza ripoti. Creditinfo na Dun & Bradstreet ndizo zilizopata leseni hizo mwaka 2013, baada ya kanuni za mwaka 2012 kutungwa, na ofisi zao kuu ziko Dar es Salaam. Mkopeshaji huomba ripoti yako kabla ya kukupa fedha.

Usisafiri kwenda Dar. Anza pale pale ulipokataliwa. Rudi ukiwa na kitambulisho cha Taifa (cha NIDA), uulize mambo matatu kwa upole, ila usiondoke bila jibu: ripoti imetoka kampuni gani, ni mkopo upi uliokuangusha, na je, naweza kupata nakala? Ukishajua kampuni, omba ripoti yako mwenyewe kwao kwa njia ya mtandao au barua. Uliza gharama kabla ya kutuma chochote, na fedha ziende kwenye akaunti au namba ya malipo ya kampuni, kamwe zisiende kwenye namba ya simu ya mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakupa haki ya kuona taarifa zako na kudai zirekebishwe zikiwa na kosa.

Ripoti ikifika, watu wengi hukimbilia alama iliyoandikwa kwa tarakimu kubwa juu. Iache kwanza. Alama ni hesabu tu iliyotokana na yaliyo chini yake, na kila kampuni ina namna yake ya kuihesabu, kwa hiyo alama za kampuni mbili zinaweza kutofautiana bila mtu yeyote kukosea. Shuka kwenye orodha ya mikopo. Kwa kila mkopo utakuta jina la mkopeshaji, kiasi ulichokopa, salio lililobaki, kiasi kilichopita muda wake, siku za kuchelewa, na tarehe ambayo taarifa hiyo ililetwa mara ya mwisho.

Hivyo viwili vya mwisho ndivyo roho ya ripoti. Ukikuta "siku za kuchelewa 47" na tarehe ya taarifa ni ya miezi mitano iliyopita, huenda ulishalipa lakini mkopeshaji hajapeleka sasisho. Ukikuta siku 47 na tarehe ni ya wiki jana, basi lipo deni la kweli, na ni la kulipwa. Hali hizi mbili zina dawa tofauti kabisa, ndiyo maana tunakuomba usilipe wala usigombane kabla hujaisoma tarehe.

Chini zaidi kuna kalenda ya malipo, mwezi kwa mwezi. Halafu kuna orodha ya waliokwisha kuulizia ripoti yako. Ukipita kwa wakopeshaji wanne wa Barabara ya Kenyatta ndani ya wiki moja, maulizo manne yataandikwa hapo, na wa tano atajiuliza kwa nini umekimbia huku na huku. Kuisoma wewe mwenyewe hakukushushi alama.

Wahariri, mimi ni mwalimu. Mwaka jana nilihamishwa kutoka Sengerema kwenda Magu. Makato ya mkopo wangu yalisimama miezi miwili, kisha yakarudi na hayajakatika tena. Lakini kila nikiomba mkopo mwingine naambiwa nimechelewa kulipa. Nimechelewaje wakati nakatwa kila mwezi? *Mwalimu, Magu*

Mwalimu, swali lako ni zuri kuliko yote tuliyopokea, maana tatizo hili linawapata watumishi wengi wanaohama na wengi hawalielewi mpaka wanafukuzwa dirishani. Tulifanyie hesabu.

Tuseme rejesho lako ni Sh 150,000, na tarehe ya kulipa ni 25 ya kila mwezi. Rejesho la 25 Machi halikukatwa. La 25 Aprili halikukatwa. Tarehe 25 Mei makato yakarudi, Sh 150,000 ikaingia. Wewe ukahesabu kwamba umelipa la Mei. Mfumo wa benki haukuhesabu hivyo: fedha inayoingia hufunika kwanza rejesho kongwe kuliko yote. Kwa hiyo ile ya Mei ililipa la Machi. Jioni ya siku hiyo ulikuwa bado unadaiwa la Aprili na la Mei, na kongwe kati yao, la 25 Aprili, lilikuwa na siku 30.

Mwezi uliofuata, asubuhi ya 25 Juni kabla makato hayajaingia, lile la Aprili lilikuwa limefikisha siku 61. Makato yakaingia, yakalifunika. Sasa kongwe ni la 25 Mei, siku 31. Na Julai hivyo hivyo. Utakatwa mwaka mzima bila kukosa, na ripoti itaendelea kukuonyesha umechelewa kati ya siku 28 na 62, kama mtu anayekimbia nyuma ya basi kwa mwendo ule ule wa basi.

Namna ya kulifikia ni kulipa kitu cha ziada. Ukiweza kulipa marejesho mawili kwa mkupuo, Sh 300,000, pamoja na riba na adhabu ya kuchelewa iliyorundikana, siku zinarudi sifuri. Usipoweza, ongeza Sh 50,000 kila mwezi nje ya makato: miezi mitatu inafuta rejesho moja, sita inafuta yote mawili. Uliza kwanza adhabu imefika kiasi gani, kwa kuwa mikataba mingi hukata adhabu na riba kabla ya kugusa rejesho lenyewe. Ile elfu hamsini yako inaweza kuishia kwenye adhabu bila siku hata moja kupungua. Omba taarifa ya akaunti ya mkopo, siyo ya akaunti ya mshahara, uone kila shilingi ilikoenda.

Njia ya tatu ni kuomba ratiba ipangwe upya, yale mawili yasogezwe mwisho wa mkopo. Inasaidia, ila baadhi ya ripoti huonyesha kwamba mkopo ulipangwa upya, na mkopeshaji mpya atauliza kwa nini. Uwe na barua ya uhamisho mkononi.

Kitu cha kukagua kabla ya yote: hati zako za mshahara za ile miezi miwili. Kama makato yanaonekana kwenye hati lakini hayakufika benki, kosa si lako, na hati hizo ndizo ushahidi wa kudai rekodi isahihishwe. Kama hayaonekani, basi fedha ilibaki kwenye mshahara wako, na kwa kawaida mkataba ulikutaka uipeleke mwenyewe. Anayehama leo aende benki kabla ya kufunga mizigo, aache maelekezo ya kukatwa kwenye akaunti kwa miezi miwili ya mwanzo.

Na usiruhusu zipite siku 90. Hapo ndipo benki huuhesabu mkopo kuwa chechefu, yaani usiolipwa ipasavyo, na lugha watakayozungumza nawe itabadilika.

Nilimaliza mkopo wangu mwaka juzi: niliuliza salio, nikalilipa siku kadhaa baadaye, na stakabadhi ninayo. Ripoti inasema nadaiwa Sh 6,500 na nimechelewa siku zaidi ya 400! Nimechafuliwa jina kwa elfu sita? *Fundi seremala, Igoma*

Ndiyo, fundi, na inauma. Kwa maelezo yako, uliuliza salio siku moja ukalipa siku nyingine. Riba ya mkopo hutembea kila siku. Chukua salio la Sh 1,200,000 kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka: 1,200,000 mara 0.18, gawa kwa 365, unapata karibu Sh 592 kwa siku. Ukiulizia leo ukalipa baada ya siku 11, riba iliyozaliwa katikati ni kama Sh 6,500. Hakuna aliyekupigia simu kwa kiasi kidogo hivyo, lakini mfumo hauna kidogo wala kikubwa. Unahesabu siku.

Lipa hiyo 6,500 na chochote kilichoongezeka, hata kama unaona umeonewa, halafu ndipo uombe kwa maandishi zile siku ziangaliwe upya kwa kuwa hukutaarifiwa. Ukianza na ugomvi, siku zinaendelea kuongezeka wakati mnabishana.

Kwa anayekaribia kumaliza mkopo: usiulize "salio langu kiasi gani." Uliza "kiasi cha kumaliza mkopo, kikihesabiwa mpaka Ijumaa tarehe fulani," wakuandikie, ulipe siku hiyo hiyo. Kesho yake rudi uulize tena salio. Likiwa sifuri, dai vitu viwili: barua ya kumaliza mkopo yenye namba ya mkopo na muhuri, na dhamana yako, iwe hati ya kiwanja au kadi ya chombo. Stakabadhi peke yake inathibitisha kwamba ulilipa kiasi fulani; haithibitishi kwamba hakikubaki kitu.

Kuna kijana hapa Makoroboi anasema kwa laki moja na nusu ananisafishia CRB ndani ya siku tatu. Na YouTube nimeona wanasema kuna cheti cha CRB. Ni kweli? *Msomaji, Mwanza mjini*

Usimpe hata senti. Taarifa ya kweli haifutiki kwa fedha, na ya uongo unaisahihisha mwenyewe kwa barua. Kijana huyo atataka pia namba yako ya NIDA na namba ya siri iliyotumwa kwenye simu yako, na hapo hasara inaweza kuwa kubwa kuliko laki na nusu.

Cheti ulichokiona ni cha Kenya. Kule kuna utaratibu wao na kampuni zao, na waombaji wa kazi huombwa cheti hicho. Video zinavuka mpaka kwa urahisi, kanuni hazivuki. Kwetu karatasi yako ya thamani ni barua ya kumaliza mkopo pamoja na ripoti yenyewe iliyosasishwa.

Shikamooni. Kwenye ripoti yangu kuna mkopo wa simu na mwingine wa kampuni ambayo sijawahi hata kuisikia. Mimi ni mkulima wa mpunga, Magu. Nifanyeje? *Mzee wa mpunga, Magu*

Marahaba, na sisi tunakuamkia mzee, shikamoo. Mambo haya hutokea kwa njia kuu tatu, na kila moja ina alama yake.

Ya kwanza ni kosa la kuandika. Namba ya NIDA ina tarakimu 20: nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, kisha tano, kisha tano, kisha mbili. Weka kitambulisho chako pembeni ya ripoti, ufuate kwa kidole tarakimu moja moja. Mtu aliyezaliwa mwaka wako, mwenye majina kama yako mawili ya mwanzo, anaweza kuangukia kwako kwa tarakimu moja iliyokosewa. Hatari ni kubwa zaidi kwa mikopo ya zamani iliyofunguliwa kwa kadi ya mpiga kura au leseni.

Ya pili ni laini ya simu. Piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa NIDA yako. Ukikuta usiyoitambua, nenda duka la mtandao huo ukiwa na kitambulisho, ifungwe, upewe uthibitisho. Mikopo ya simu hufuata laini, na laini hufuata alama ya kidole. Kidole kikichukuliwa mara mbili kwa wakala wa barabarani "kwa kuwa cha kwanza hakikusoma," laini ya pili inaweza kuzaliwa hapo hapo.

Ya tatu ni jina la kampuni tu. Mkopo uliouchukua kwa jina la huduma unaweza kuandikwa kwa jina la benki iliyo nyuma yake. M-Pawa, kwa mfano, watu wanaijua kama huduma ya Vodacom, lakini mkopo wenyewe ni wa benki. Kabla ya kukana, linganisha kiasi na tarehe na ujumbe wa zamani kwenye simu yako, na uwaulize walio nyumbani wanaoishika.

Ukithibitisha si wako, andika barua mbili zinazofanana: moja kwa mkopeshaji, nyingine kwa kampuni iliyotoa ripoti. Kampuni ya ripoti haiwezi kubadilisha takwimu kwa neno lako peke yake. Ni lazima mkopeshaji athibitishe na kutuma marekebisho. Ndiyo maana barua kwa upande mmoja tu huzunguka bila jibu. Barua iwe fupi:

*YAH: MAOMBI YA KUREKEBISHA TAARIFA ZA MKOPO*
*Rejea ripoti yangu ya tarehe … yenye namba … Ukurasa wa … unaonyesha mkopo namba … wa Sh … uliofunguliwa tarehe … Mkopo huu si wangu. Naomba nipewe nakala ya mkataba na kitambulisho kilichotumika kuufungua, na taarifa hii iondolewe kwenye rekodi yangu. Naambatisha nakala ya kitambulisho changu cha Taifa na ukurasa husika wa ripoti.*

Sentensi ya kuomba nakala ya mkataba ndiyo yenye nguvu. Asiye na mkataba wenye saini au uthibitisho wako hawezi kuendelea kudai kwamba ni wewe. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, ubaki nayo. Wasipokujibu au jibu lisiporidhisha, peleka nakala hiyo Benki Kuu, ambayo ina tawi hapa Mwanza. Benki Kuu itataka kuona kwamba ulianza kwa mtoa huduma, na muhuri ule ndio utakaokusemea.

Je, mkataba wa bodaboda unaonekana CRB? Na VICOBA? *Dereva, Buhongwa*

Kaka, mkataba wa kumpelekea tajiri hesabu kila siku mpaka pikipiki iwe yako hauonekani, kwa sababu tajiri si taasisi ya fedha. Ukinunua kwa mkopo wa benki au kampuni yenye leseni, unaonekana. VICOBA kwa kawaida havionekani, hata ukiwa mwaminifu miaka kumi. SACCOS waulize wenyewe: "Mnapeleka taarifa zetu?" Kama wanapeleka, mkopo mdogo unaolipwa kwa wakati huko ni mwanzo mzuri kwa kijana ambaye ripoti yake ni tupu. Ripoti tupu haikupi sifa mbaya, ila haimpi mkopeshaji cha kusoma. Mkopo wa laki tatu kwa miezi sita uliolipwa bila siku moja ya kuchelewa utakusaidia kuliko kuanza kwa kuomba milioni tano.

Nilikopa elfu themanini kwenye programu ya simu. Nilichelewa siku nne, wakawatumia ujumbe wa matusi shemeji zangu na mkuu wangu wa kazi. Wanasema wameshanipeleka CRB. Naogopa. *Dada, Nansio*

Pole sana, dada. Uliyofanyiwa ni udhalilishaji, na hakuna kuchelewa kulipa kunakohalalisha.

Kwanza jua unashughulika na nani. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 ya mikopo mtandaoni yaliyokuwa yakifanya kazi bila leseni. Mkopeshaji wa aina hii anatakiwa kuwa na leseni ya daraja la pili chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, na orodha ya wenye leseni iko kwenye tovuti ya Benki Kuu. Tafuta jina la kampuni, maana jina la programu huwa tofauti. Programu isiyo na leseni haina njia halali ya kukupeleka kwenye kanzidata. Tishio la CRB kwao ni fimbo ya maneno.

Leo hii, kabla hujalala, piga picha za skrini za ujumbe wote, namba na saa zionekane, na uwaombe shemeji zako wakutumie walizopokea. Kisha ingia kwenye mipangilio ya simu, uzuie ruhusa ya programu hiyo kusoma majina, picha na ujumbe. Kuifuta tu hakutoshi kama majina yalishachukuliwa, lakini kunazuia mapya. Peleka malalamiko Benki Kuu na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Wale shemeji nao wana haki ya kulalamika, kwa kuwa namba zao zilitumika bila ridhaa yao. Matusi na vitisho ni jambo la polisi.

Deni lenyewe ni jambo jingine. Ulichopokea mkononi ni cha kurudisha, kwa njia inayoacha rekodi. Na tafadhali usikope kwenye programu ya pili ili kulipa ya kwanza. Huko ndiko mikopo ya kunyonya iitwayo kausha damu inakopata jina lake.

Nilimdhamini mfanyakazi mwenzangu, ameacha kazi na simu haipatikani. Sasa mkopo wake uko kwenye ripoti yangu. *Mdhamini, Sengerema*

Udhamini ni deni lililolala. Chini ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, mdhamini hubeba wajibu ule ule wa mkopaji, isipokuwa mkataba uwe umeweka mpaka. Kwa hiyo tafuta kwanza nakala ya fomu uliyosaini, uangalie kama kuna kiwango: ulidhamini mkopo wote, au sehemu?

Kisha nenda kwa mkopeshaji kabla siku 90 hazijafika. Uliza kama kuna bima ya mkopo na kama inahusu kuacha kazi (nyingi huhusu kifo na ulemavu tu), na kama mafao ya mwenzako au akiba yake vinaweza kufikiwa kwanza. Ukilazimika kulipa, stakabadhi iandikwe "amelipa kama mdhamini wa" fulani. Maneno hayo ndiyo yatakayokuwezesha kumdai mwenzako baadaye, na kudai dhamana zake alizoziacha kwa mkopeshaji. Ukilipa kimyakimya kwa jina lake, itaonekana amelipa yeye.

Benki walishafuta mkopo wangu miaka mitatu iliyopita, nilisikia kwa afisa mwenyewe. Mbona bado upo kwenye ripoti? *Mfanyabiashara, Pansiansi*

Alichokwambia ni kwamba umefutwa vitabuni. Mkopo uliokaa bila kulipwa muda mrefu huondolewa kwenye mali za benki, kwa sababu haiwezi kuendelea kuhesabu kama mali fedha isiyotarajia kuiona. Hilo ni jambo kati ya benki na vitabu vyake. Wewe hujasamehewa, deni linabaki, na kwenye ripoti huo ndio mstari mzito kuliko yote.

Lakini hapo una nafasi ambayo wengi hawaijui. Mkopo wa namna hii benki ilishaupokea kama hasara, kwa hiyo chochote utakacholeta kwao ni faida. Nenda na pendekezo la maandishi: "Naweza kulipa kiasi hiki kwa mkupuo mmoja ifikapo tarehe fulani, naomba mfute adhabu na sehemu ya riba." Usilipe shilingi kabla hawajakubali kwa barua, na barua iseme wazi kwamba ukishalipa hakuna kitakachobaki na taarifa itapelekwa kwenye kanzidata. Historia ya kuchelewa haitatoweka, ila hali ya mkopo itasomeka kuwa umelipwa na salio sifuri, na anayekusoma baadaye ataona ulirudi kumaliza.

Mimi ni mvuvi wa dagaa, Ukerewe. Marejesho yangu ni tarehe 28. Mwanzoni nililipa vizuri, sasa kila mwezi nachelewa siku tano, sita. Biashara haijaharibika. Sielewi. *Mvuvi, Ukerewe*

Angalia mwezi angani, kaka. Dagaa unawavua kwenye giza. Mbalamwezi ikija mitumbwi inapumzika. Mzunguko wa mwezi ni siku 29 na nusu, wakati miezi mingi ya kalenda ina siku 30 au 31. Kwa hiyo giza linawahi kalenda kwa kama siku moja kila mwezi, na kwa mwaka mzima karibu siku 11. Ulipokopa, tarehe 28 ilikukuta umetoka kuuza mzigo. Miezi sita baadaye tarehe ile ile inakukuta fedha ya giza lililopita imeshaingia kwenye mafuta, nyavu na chakula cha wavuvi, na mbalamwezi imeshika ziwa.

Siku tano au sita zinaonekana ndogo, lakini kalenda ya malipo inaziandika kila mwezi, na mkopeshaji anayeisoma atadhani una tabia ya kuchelewa. Dawa ya haraka ni kuweka rejesho moja mbele. Giza likiwa zuri, weka kwenye akaunti ya mkopo kiasi cha marejesho mawili, halafu uendelee kulipa moja kila giza. Uliza kwanza kama fedha ya ziada itahifadhiwa kwa rejesho lijalo au itapunguza deni kuu. Ikipunguza deni kuu, tarehe 28 bado itakudai, kwa hiyo iweke kwenye akaunti ya kawaida yenye maelekezo ya kukatwa.

Kwa mkopo ujao, zungumza kabla ya kusaini. Mwonyeshe afisa mikopo daftari la mauzo la miezi sita, na siku za giza umezizungushia, umwombe marejesho yafuate siku hizo. Mwenye vizimba vya sato naye aombe kipindi cha kusubiri mpaka mavuno, kwa kuwa samaki hao huchukua miezi sita hadi minane kufikia sokoni. Ratiba ikishaingia kwenye mfumo kwa tarehe 28, kuibadilisha ni kupanga mkopo upya, na hilo nalo huandikwa.